Goti Lililofanya Kazi ya Spika

Goti la kulia la Bi Shazia lilifanya kazi ya umeme kwa miaka mingi, na wala halikuwa na waya.

Shazia si jina alilopewa na wazazi wake. Shazia ni ile sindano ndefu ya kushonea magodoro, nene kama spoku ya baiskeli, na bibi huyu hakutoka nje siku ya kazi bila kuwa nayo. Aliichomeka kwenye kilemba chake kama seremala anavyochomeka penseli nyuma ya sikio. Alikuwa mshona magodoro ya sufi. Kazi aliirithi kwa mama mkwe wake pamoja na chumba cha kuifanyia, na ni kazi ya magoti. Godoro halishonwi kwa kulitazama. Unalijaza sufi, unalipanda kama punda, unaikandamiza pembe kwa goti moja huku la pili liko kwenye saruji, ndipo unapitisha shazia kutoka juu mpaka chini na kuuvuta uzi mpaka mishipa ya shingo isimame. Ukimaliza pembe hiyo, unasogea kwa magoti mpaka pembe nyingine. Kwa kweli Bi Shazia alikuwa ametembea duniani kwa magoti zaidi kuliko kwa nyayo, na hakuliona hilo kuwa jambo.

Upande wa pili wa ukuta, barazani, mumewe alitengeneza baiskeli. Watu walimwita Fundi Spoku. Sufi ilipeperuka ikanasa kwenye cheni za watu, na grisi ilitembea kwenye vidole vya bwana mpaka ikafika kwenye kitambaa kipya cha godoro. Huo ndio ugomvi pekee waliokuwa nao tangu waoane, nao waliutunza vizuri.

Kila Ijumaa Bi Shazia alioga, akavua shazia kichwani, akaenda kusali. Wanawake walisali ghorofani, katika chumba kizuri chenye zulia, feni, na ukuta mzima uliowatenga na wanaume wa chini. Sauti ya Maalim ilitakiwa iwafikie kwa spika, sanduku jeusi lililotundikwa juu ya mlango. Spika hiyo ilikuwa imekufa. Mwanzo ilikohoa, ikapiga mluzi, kisha ikanyamaza kama mtu aliyesusa. Kilibaki kitundu kimoja tu, kwenye kona ya safu ya mbele, mahali palipokusudiwa bomba, na bomba lenyewe halikupitishwa. Anayesimama hapo anamsikia Maalim. Wengine wanasikia feni.

Na hapo kitunduni ndipo aliposimama Bi Shazia tangu alipokuja bi harusi. Hakupachagua kwa cheo, alipachagua kwa sababu palipita upepo. Hapo aliomba apate mtoto, akapata. Hapo alimwombea mama yake siku alipozikwa. Kwake yeye kona ile ilikuwa kama mto wa kulalia, ukilala kwa mwingine usingizi hauji.

Mwanzoni wenzake walimfuata kwa macho. Lakini mtu aliyesujudu haoni kitu ila zulia, basi wakawa wananyanyuka mmoja mmoja, huyu leo na yule kesho. Mpaka goti lilipoanza.

Ko!

Ndivyo lilivyosema. Sauti kavu kama ya ukuni unaovunjwa, ikifuatwa na mkwaruzo mfupi, kama kiatu kwenye mchanga. Kila Bi Shazia aliposhuka lilisema ko, na kila alipopanda lilisema ko na mkwaruzo wake. Hakukuwa na mkutano, hakukuwa na makubaliano. Wanawake wa safu ya pili walianza kulifuata, wa tatu wakafuata, na baada ya muda chumba kizima kilikuwa kinainama na kuinuka kwa goti moja, sawasawa kabisa, hata sakafu ikatoa mshindo mmoja tu.

Mshindo huo ulisikika chini. Maalim, mzee mpole mwenye ndevu nyeupe na masikio mazuri, akausifu kwenye hotuba.

"Nyinyi wanaume mnanyanyuka kama kunde zinazochemka," aliwaambia. "Chukueni mfano kwa mama zenu wa ghorofani. Wananyanyuka kama mtu mmoja!"

Naye hakukosea, maana kweli walikuwa mtu mmoja.

Ikawa Mama Safu, yule bibi mwembamba aliyekuwa akipita kuwanyoosha wenzake kwenye mistari kabla ya sala, kila alipokwenda kuwaambia wanaume wa kamati watengeneze spika, walimjibu, "Spika ya nini tena, mama? Mbona mnakwenda sawa kuliko sisi wenye spika nne?" Akarudi amefunga mdomo. Utalalamikaje kwamba huna, na huku unasifiwa kuliko wenye nacho?

Tatizo lilikuwa moja: goti lilianza kuuma.

Lilianza kwa kukaza asubuhi. Bi Shazia akitoka kitandani alikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua, lazima usukumwe kidogo ndipo ufunguke. Akishajizungusha jikoni likalegea. Lakini jioni, baada ya magodoro, lilivimba na kuwaka moto, na ngazi za msikitini zikawa adui. Kupanda kulikuwa na nafuu, kushuka ndiko kulikomtoa machozi. Alishuka kinyumenyume, ameshika ukuta, na akina mama waliokuwa nyuma yake wakashuka vivyo hivyo, kwa mazoea ya kumfuata.

"Baridi hiyo," walisema majirani. "Baridi ya saruji imekuingia."

"Uzee," alisema mwenyewe.

Fundi Spoku hakukubali lolote katika hayo. Siku moja alimlaza mkewe kwenye godoro la mteja, akachukua bisibisi, akaweka ncha yake juu ya goti na mpini wake kwenye sikio, kama anavyosikiliza gurudumu. Akamwamuru akunje, akunjue.

"Aha," alisema.

"Aha nini, baba watoto? Unanipima au unanitegua?"

"Gololi zimelika. Na grisi imekauka. Hii nikiifungua mimi, natia grisi mpya, nabana nati, unaondoka hapa unapiga kengele."

"Ukinisogelea na hiyo grisi, kengele utaipiga wewe, na watu watakuja."

Huenda wangeendelea hivyo mpaka leo, isingekuwa Ijumaa ile.

Ijumaa ile Maalim alichagua sura ndefu. Bi Shazia alisimama kitunduni, akastahimili, akastahimili tena, mwisho goti likamchoma hata akahamisha uzito kidogo kutoka mguu huu kwenda huu. Kidogo tu.

Ko!

Ghorofa nzima ikainama.

Naye aliposikia nguo za wenzake zinavuma nyuma yake, alishtuka. Akajiambia, masikini mimi, maumivu yamenisahaulisha, Maalim ameshainama nami sikusikia. Akainama upesi awawahi. Ko! Waliposikia ko ya pili, wale waliokuwa wameinama wakadhani ni ya kuinuka, wakainuka. Akasikia wameinuka, akainuka. Ko na mkwaruzo. Wakashuka kusujudu. Basi yeye aliwafuata wao na wao walimfuata yeye, na hakuna aliyekuwa akimfuata Maalim, aliyekuwa bado amesimama huko chini anasoma taratibu, sauti yake tamu ikipenya kitunduni aya kwa aya. Bi Shazia alipotega sikio na kutambua kwamba sura haijafika hata nusu, ghorofa ilikuwa imeshamaliza sala nzima, imetoa salamu kulia na kushoto, na bibi mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameshavaa viatu.

Walisali upya. Hakuna aliyemlaumu. Lakini yeye alilia njia nzima, na safari hii si kwa goti.

Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari alilikunjakunja goti, akampeleka akapigwe picha, akaitazama picha kwenye mwanga na kutaja jina la ugonjwa: osteoathraitisi. Jina refu kama treni. Fundi Spoku, aliyekuwa amemsindikiza, aliomba lirudiwe, akajaribu kulishika, behewa la mwisho likamponyoka. Daktari akacheka, akawapeleka chumba cha mazoezi ya viungo, kwa binti mmoja aliyevaa raba nyeupe.

"Shikamoo mama, shikamoo baba. Mama unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Nashona magodoro, mwanangu."

"Basi nitakueleza upesi. Kwenye ncha za mifupa, pale inapokutana, kuna kitu laini kinaitwa gegedu. Kinateleza, kinapokea uzito. Ndilo godoro la mifupa. Sasa hebu niambie, godoro likilaliwa miaka mingi mahali pamoja linakuwaje?"

"Linafanya bonde," alisema Bi Shazia. "Sufi inakimbilia pembeni. Unaanza kusikia ubao."

"Na goti lako ni hivyo hivyo. Gegedu limelika, limekuwa jembamba na lenye makwaruzo. Mifupa imekaribiana, nayo pembeni imeota vinundu. Ndiyo maana linauma ukilitumia sana, linakaza ukikaa, linavimba. Si baridi ya saruji."

Bi Shazia alifikiri. "Godoro la bonde mimi nalifumua, naongeza sufi mpya. Hamna sufi ya goti?"

"Hamna, mama. Gegedu likishalika halijazwi. Kuna kupasuliwa na kuwekewa goti la bandia, lakini hiyo ni hatua ya mwisho kabisa, mengine yote yakishindwa. Kwa sasa tunakaza kitambaa. Misuli ya paja ndiyo kitambaa. Ikiwa na nguvu, inalishika goti, uzito haudondoki wote juu ya mfupa."

"Na grisi?" Fundi Spoku hakuweza kujizuia.

"Ipo, baba. Kuna maji mazito ndani ya goti yanayolilainisha."

Fundi Spoku alimgeukia mkewe, uso unang'aa kama rimu mpya. "Si nilisema?"

"Lakini hayatiwi kwa pampu. Yanazunguka goti likitumika kwa kiasi. Ukiliacha limelala tu, linakaza zaidi."

"Kama baiskeli iliyofungiwa stoo," alisema Fundi Spoku kwa heshima kubwa. Tangu dakika hiyo alimwita binti yule "fundi mwenzangu", na hakukubali mtu amtie kasoro.

Binti akamkalisha Bi Shazia kwenye kiti, akamwonyesha kunyoosha mguu mpaka ukawa sawa na paja, aushikilie pumzi chache, aushushe polepole. Akamfundisha kuinuka kitini bila kujishika kwa mikono, na Bi Shazia alijaribu, akashindwa, akarudi kitini kama gunia. Akaambiwa atembee kila siku kidogo mahali tambarare, apunguze mwili, maana kilo moja tumboni goti huisikia kama kilo kadhaa. Maji ya moto kwenye chupa likikaza. Dawa ya kupaka, na vidonge vya maumivu kama daktari alivyoandika, si vile vyekundu alivyozoea kupewa na jirani, vile vinaweza kutoboa tumbo. Magodoro yashonwe juu ya meza. Na mkongojo aushike mkono wa kushoto.

"Si goti la kulia linalouma?" aliuliza Fundi Spoku.

"Ndiyo maana ushikwe kushoto. Mguu mbovu na mkongojo vinakwenda pamoja, mwili haulemei upande mmoja."

Mwisho binti aliuliza kuhusu sala, maana aliona alama ya zulia kwenye paji la uso.

"Kwa sasa mama, usipige magoti chini. Simama ukiweza, kisha kaa kwenye kiti. Mungu analijua goti lako kuliko mimi. Lakini ukiendelea kulipiga sarujini siku sita na zuliani siku ya saba, zile ngazi za ghorofani utakuwa unaziangalia kutoka chini."

Maneno hayo yalimwingia Bi Shazia kama shazia na kutokea upande wa pili. Aliiona kona yake kitunduni, na mtu mwingine amesimama pale, anapigwa na upepo wake.

Basi akamwendea Mama Safu, akamwomba kiti.

Mama Safu alishika kifua. "Kiti? Kiti gani?"

"Cha plastiki, kama vile vya arusini. Nitakiweka pale pale pangu."

"Dada yangu mpenzi, plastiki haina sauti!"

"Najua haina."

"Hebu fikiri. Chumba kizima kinakutegemea. Juzi umetikisika kidogo tu, tumemaliza sala kabla ya Maalim. Ukinyamaza kabisa si tutasujudu mpaka alasiri?"

"Na mimi nikilemaa?"

Mama Safu alikuwa mkali kwa safu tu, moyo wake ulikuwa sufi tupu. Alimtazama mwenzake, akamtazama goti, machozi yakamlenga. "Basi nipe mpaka Alhamisi," alisema. "Tutatafuta goti la akiba."

Alhamisi mchana wanawake waliitwa ghorofani. Mama Safu alizima feni, akawageuza wote waelekee ukutani wamefumba macho, akawa anawaita mmoja mmoja katikati ya zulia ashuke na kuinuka. Waliofumba macho ndio mahakimu.

Wa kwanza, mke wa mwoka mikate, goti lake lilinong'ona tu. "Halifiki safu ya tatu," walihukumu. Wa pili, mwalimu wa chekechea, alikuwa na goti zuri, lenye sauti ya kutosha, lakini kila liliposema ko naye alisema "Mama yangu wee!" na ikaonekana hilo litaingilia sala. Wa tatu alilia kwenye nyonga, sauti ndefu kama mlango wa stoo, na wengine wakabishana kama nyonga inahesabika. Bi harusi mmoja mpya alishuka akainuka kimya kama paka. Akaona haya, akataka kulia.

"Usijali mwanangu," mahakimu walimfariji bila kufumbua macho. "Wewe mdogo. Yatakuja."

Aliyebaki mdomo wazi ni Bi Shazia. Karibu kila aliyeitwa alishuka kwa kujishika kiuno, akainuka kwa kushika hewa. Wengine walikuwa hawajawahi kulalamika hata siku moja. Walikuwa wanamsikia yeye anavyolia ko, kumbe na wao walikuwa wanafurahi kwamba sauti yake inafunika zao.

Hapo ndipo binti wa mazoezi alipoingia. Bi Shazia alikuwa amemwalika aje awaeleze wenzake kwa nini anahitaji kiti. Alisimama mlangoni, raba mkononi, akaona watu wazima wameelekea ukutani wamefumba macho, na bibi mnene amechuchumaa katikati hawezi kuinuka.

"Shikamooni mama zangu. Mnafanya nini?"

"Marahaba," alijibu Mama Safu. "Tunatafuta spika."

Binti alitazama juu ya mlango, pale lilipotundikwa sanduku jeusi lenye vumbi. Akalinyooshea kidole.

"Hiyo imekufa," walisema wote.

"Mmewaambia?"

"Tumewaambia. Wanasema tunakwenda sawa."

"Na Maalim mwenyewe?"

Maalim mwenyewe? Yeye ndiye aliyekuwa akiwasifu. Nani angeinua mdomo amwambie mzee wa watu kwamba zile sifa, miaka yote ile, alikuwa akilisifu goti?

"Nitakwenda mimi," alisema Bi Shazia. "Goti ni langu."

Akachukua mkongojo mkono wa kushoto, akashuka ngazi mguu mmoja mmoja, binti yuko mbele yake. Maalim alikuwa chini, anakunja mikeka.

"Maalim, zile sifa unazotupa za kunyanyuka kama mtu mmoja," alianza. "Si nidhamu, Maalim. Ni goti langu."

Maalim alitabasamu kwa huruma. "Binti yangu, kila mtu ana mchango wake. Usijidharau, wala usijikweze."

"Sijikwezi. Linalia. Wanalisikia. Spika imekufa."

"Imekufa lini?"

"Tangu mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Sasa yuko shule."

Maalim akaacha mkeka. Hakuamini, lakini hakumwita mwongo. Alipanda ghorofani mwenyewe, wanawake wakajikusanya upande mmoja, na Fundi Spoku, aliyekuwa nje anamsubiri mkewe, akaitwa ashike maikrofoni ya chini aseme takbira. Maalim akaketi katikati ya zulia, akafumba macho, akawa anasubiri.

Alisubiri. Feni, iliyokwisha kuwashwa tena, ilivuma. Huko chini Fundi Spoku alikuwa anapiga takbira mpaka koo linakauka, na pale katikati ya zulia hapakufika hata pumzi yake.

Bi Shazia, aliyekuwa amepanda nyuma ya Maalim na kusimama kitunduni kwa mazoea, alichoka akasogeza mguu.

Ko!

Maalim akainuka. Aliinuka wima, upesi, mikono imeshajipanga, kisha akafumbua macho akaona wanawake wote wanamtazama. Masikio yakawa mekundu. Alikaa chini tena taratibu, akafuta uso kwa kanzu.

"Subhanallah," alisema. "Hata mimi."

Fundi wa umeme alikuja jioni ile ile. Alipanda kwenye dawati, akafuata waya kwa mkono mpaka kwenye shimo la ukuta, akautoa nje. Ulikuwa umekatika ncha, urefu wa kidole. Akaumenya, akaunganisha, akazungusha utepe mweusi, akashuka kabla Mama Safu hajamaliza kumletea maji ya kunywa. Wanawake walilitazama lile sanduku likikohoa, likipiga mluzi, kisha likisema "moja, mbili, moja, mbili" kwa sauti ya mwanamume mgeni, na hakuna aliyejua acheke au alie. Kidole kimoja cha waya! Na mwenzao ametumia gegedu zima.

Maalim hakuruhusu liishie hapo. Ijumaa iliyofuata, kwa spika ya chini na ya juu, aliwaomba wanawake radhi, akasema kiongozi anayesikia mshindo mzuri na asipande ngazi kuona nani anaumia, masikio yake hayamfai. Hakulitaja goti kwa jina. Kila mtu alijua.

Binti wa mazoezi naye alipata kazi asiyoitafuta. Kila Alhamisi alikuja ghorofani, na wale wote walioshindwa mashindano ya goti wakaketi kwenye viti vya plastiki, mstari mmoja ulionyooshwa na Mama Safu, wananyoosha miguu, wanashikilia, wanashusha, wanapumua kama mvukuto. Mwalimu wa chekechea bado anasema "Mama yangu wee", lakini siku hizi anasema polepole.

Fundi Spoku alimjengea mkewe meza ya kushonea, na kwa kuwa ni yeye, aliitia magurudumu ya baiskeli. Siku ya kwanza meza ilitoka chumbani na godoro juu, ikavuka baraza, ikaenda kusimama kwa jirani. Akaitia breki. Mwili wa Bi Shazia ukapungua kidogo, paja likakaza, vidonge akavihitaji mara moja moja tu. Goti halikupona. Binti alimwambia wazi kwamba halitarudi kuwa la msichana, na kwamba mlio wenyewe si ugonjwa, linaweza kulia maisha yote bila kumdhuru. Cha kuangalia ni maumivu, na kama linambeba.

Na ngazi alizipanda. Ijumaa moja alifika mapema, akakaa kwenye kiti chake cha plastiki kitunduni, upepo ukampiga usoni. Spika ilikuwa imeongea juu ya mlango, safi kabisa, na sasa Maalim ametulia kati ya hotuba mbili. Chumba kilikuwa kimejaa, wote wameketi. Bi Shazia akaona bora asipoteze muda. Chini ya buibui lake, kimyakimya, akaunyoosha mguu wa kulia kama alivyofundishwa, akaushikilia, akaushusha.

Ko!

Ghorofa nzima ikasimama.

Wakatazamana. Spika ilikuwa haijasema kitu. Chini Maalim ndiyo kwanza anaanza hotuba ya pili, na huku juu safu zote zimesimama wima, zimenyooka kama uzi, na Mama Safu amesimama mbele kuliko wote, mkono mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko anachokizuia.

Bi Shazia aliwatazama wenzake. Akaona si vizuri akae peke yake wakati wamesimama kwa ajili yake. Akaweka mikono kifuani, akajisukuma kwa mapaja, akainuka kitini bila kushika kitu.